Kaimu Shangazi wa Barafu

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwa woga, ni kwa kuwa kutaja majina ni kazi ya Wizara, na mimi sipendi kuingilia kazi za watu. Jueni tu kwamba ni nchi ya jua. Barafu tunayoijua sisi ni ile ya kwenye ndoo ya muuza samaki, iliyofunikwa gunia na maranda ya mbao, na hata hiyo ikifika saa sita imeshakuwa maji. Ni nchi njema pia, yenye serikali inayotupenda mpaka inatuchosha. Nayasema haya mapema, ili nikija kusema mengine msinisikie vibaya.

Mimi ni Bi Kidawa, mshona mapazia. Watu wananijua kwa jambo moja: situlii. Kiti na mimi hatuelewani. Nikikaa kidogo naona dunia inakwenda bila mimi, nainuka, nachungulia dirishani, narudi, nasahau nilikuwa nashona nini. Marehemu kaka yangu aliniachia mtoto mmoja wa kike, na huyo ndiye aliyemaliza hata kile kitulizo kidogo nilichokuwa nacho. Jina lake Sikudhani.

Kwetu mtoto hapewi jina, hutajiwa. Siku akilia kile kilio kisicho na sababu, yaani ameshiba, mkavu, haumwi, basi huitwa shangazi yake akaketi naye mlangoni, akamtajia majina ya ukoo moja moja. Jina asilolitaka, mtoto huzidisha kilio. Analolitaka, hunyamaza. Akishanyamaza, hata kama jina lenyewe ni la babu mwizi wa ng'ombe, ndilo hilo hilo, hakuna rufaa. Huyu wa kaka yangu nilimtajia mabibi wote, walio hai na waliolala, akapiga mayowe mpaka majirani wakadhani nampaka pilipili. Jua likapanda. Nikachoka, nikamwambia, "Mwanangu, sikudhani ungekuwa mkaidi hivi." Akanyamaza kimya. Akanitazama usoni kama mtu anayesema, ulikuwa wapi siku zote? Basi.

Akakua, akaenda kusoma ng'ambo, na katika masomo yote aliyoyaruhusu Mungu akachagua barafu. Ebo! Nikamwuliza, "Barafu ina nini cha kusomwa? Inaganda, inayeyuka, tunakunywa." Akacheka. Akaniambia kwamba kule ncha ya kusini ya dunia kuna mito ya barafu mipana kuliko wilaya, inayoshuka kutoka milimani mpaka baharini.

"Inashuka? Si imeganda?"

"Imeganda na inatembea, shangazi. Taratibu tu, lakini haikai hata siku moja."

Nikasema kumbe hao ni ndugu zangu.

*

Mambo yalianza na majirani, kama kawaida. Nchi jirani ilikipa jina kisiwa kimoja huko kusini. Kisiwa chenyewe kina mawe, upepo na ndege wasioweza kuruka, lakini kiliandikwa kwenye ramani ya dunia. Mtukufu Ngulumbi, Baba wa Mwelekeo, mkuu wetu wa maisha yake na yetu, alikiona kwenye ramani akakosa hamu ya kula. Na sisi sote tukakosa hamu ya kula, kwa tangazo.

Ikaulizwa kama huko kusini kimebaki kitu chochote kisicho na jina. Baraza la Ramani la Dunia likajibu kwamba upo mto mmoja wa barafu, mkubwa, haujapimwa. Atakayewahi kuupima na kuutangaza hadharani, jina ni lake. Mtukufu akala.

Ukaundwa ujumbe. Walikuwemo mpiga tarumbeta, mpishi wa pilau, mbeba bendera na msaidizi wa mbeba bendera, na wakwe kadhaa. Sikudhani aliongezwa mwishoni kabisa, pale mtu mmoja alipouliza kama miongoni mwao yupo anayejua barafu. Ujumbe ukasafiri vizuri mpaka mji wa mwisho wenye joto. Hapo ukaunda Kamati ya Maandalizi, ukabaki hotelini unaandaa. Mtoto wangu peke yake ndiye hakuelewa kwamba kuandaa nako ni kazi. Akapanda meli ya kukodi, akaendelea.

Nahodha wa meli, mtu wa nchi za baridi asiye na maneno mengi, akamshusha yeye na kibanda chake cha mbao na simu ya upepo, kisha akarudi nyuma baharini kungoja amri ya serikali iliyomkodi. Sikudhani akaupima mto wote. Unaanzia kati ya milima miwili myeusi, unapokea vijito vitatu vya barafu, unapinda kushoto, halafu unatoa ulimi mrefu unaoelea juu ya bahari. Kibanda kilikuwa kwenye ulimi, maana ndipo meli inapoweza kumfikia mtu. Akatuma ramani nzuri. Akaomba meli ije imchukue.

Wizara ya Majina, Mipaka na Heshima ikamjibu kwa maneno mawili: "Kutoka wapi?"

Ndio utaratibu wetu. Kwenda, Sikudhani alikwenda kwa kibali cha kutafuta mahali. Kurudi, kibali sharti kitaje jina la mahali mtu anapotoka. Mahali pale hapakuwa na jina. Sasa mtu atatokaje mahali pasipotajika?

*

Nilikwenda Wizarani kwa miguu, maana kungoja gari nisingeweza. Nikaenda tena kesho yake, na keshokutwa, mpaka walinzi wakaanza kuniamkia kwa jina. Fundi wa simu ya upepo, kijana mpole aitwaye Tenga ambaye mapazia ya chumba chake nilishona mimi, alikuwa akiniruhusu nisikilize.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Shangazi, waambie waharakishe. Kuna ufa umefunguka nyuma ya kibanda, kati yangu na mlima. Jana niliuruka. Leo siwezi kuuruka."

"Sasa ufa huo maana yake nini?"

"Maana yake ulimi huu unataka kukatika. Na mimi niko juu yake."

Nilishuka ngazi kwa haraka hata kiatu kimoja nikakiacha huko juu.

Waziri wa Majina alikuwa Mheshimiwa Madebe, mtu mnene wa sauti, ambaye hata akiagiza chai huanza kwa kusema itifaki imezingatiwa. Nilimkuta amezungukwa na wenzake, wote wamechoka, mashati yamelowa. Nikadhani wamegombana kwa kutokubaliana. Kumbe walikuwa wamekubaliana wote, na hapo ndipo penye taabu. Kila mmoja alipendekeza mto uitwe jina la Mtukufu. Mmoja alitaka "Ngulumbi". Mwingine akaona huo ni uchoyo, akataka "Ngulumbi Mkuu". Wa tatu akataka "Ngulumbi Mkuu Asiyeyeyuka", akamtazama wa pili kama msaliti. Watu wakitofautiana watapiga kura yaishe, lakini wakikubaliana wote, nani atasifiwa? Vile vijito vitatu navyo vilikuwa vinagombewa na mashemeji wa Mtukufu.

"Mheshimiwa," nikasema, "andikeni lolote. Mtoto wangu amesimama juu ya kitu kinachokatika."

"Mama yangu," akasema Waziri kwa huruma kubwa, "jina si la leo tu. Jina ni la vizazi."

"Na huyo naye ni kizazi! Na mto wenyewe haungoji vizazi, unatembea."

Waziri akaweka kalamu chini.

"Unafanya nini?"

"Unatembea, Mheshimiwa. Unaelekea baharini. Ndivyo mito ya barafu ilivyo."

"Kwa kibali cha nani?"

Waziri alipanda mwenyewe kwenye chumba cha simu, sisi sote nyuma yake, akamwambia Sikudhani ausomee mto amri ya kusimama mpaka sherehe ipite. Haikuwezekana, alisema, Mtukufu apewe mto unaotoroka nchi kama mhamiaji. Mtoto wangu, aliyelelewa vizuri, akatoka nje ya kibanda na kipaza sauti mkononi, akaisomea barafu amri ya Wizara.

"Imejibuje?" akauliza Waziri.

"Sikilizeni wenyewe."

Tukasikia. Ulitoka chini kabisa, mlio mrefu, mzito, ukapanda, ukakatikakatika kama kwikwi, ukaanza upya. Waziri wa watu akashika meza kwa mikono miwili, uso umemng'aa.

"Inalia!" akasema. "Ndugu zangu, inalia! Na kwetu kinacholia hakipewi jina. Hutajiwa!"

Walikumbatiana pale pale. Ugomvi wote uliisha, maana sasa barafu ingechagua yenyewe, na hakuna asiyejua ingemchagua nani.

*

Likabaki swali la shangazi. Mtoto hutajiwa na dada wa baba yake. Baba wa mto ni Mtukufu, kwa kuwa yeye ndiye baba wa kila kitu. Lakini dada yake Mtukufu aliishi ughaibuni tangu ile siku alipomwuliza kaka yake, harusini mbele za watu, atapumzika lini. Wakatafuta, wakapekua, wakaona aliyeuchora mto ni Sikudhani, na Sikudhani anaye shangazi, tena yuko pale pale mlangoni na kiatu kimoja. Nikatangazwa kwenye Gazeti la Serikali kuwa Kaimu Shangazi wa Barafu. Majirani walikuja kunipongeza, nikawapokea nimesimama.

Waziri Madebe akaniita kunipa maelekezo. Nikakabidhiwa kadi ya dhahabu yenye majina kumi, kila jina na vyeo vyake. Ningeanza na mashemeji, nipande kwa mawaziri, nimalizie na Mtukufu.

"Na ikilia kwa Mtukufu?" nikauliza. Wallahi niliuliza kwa kutaka kujua tu.

Waziri akafunga mlango. "Haitalia. Ukifika jina la kumi, Tenga atabonyeza kitufe, sauti ya kule itakatika. Taifa litasikia ukimya."

"Sikudhani naye si atakatika?"

"Nani?"

"Aliyeko kule, Mheshimiwa. Mtoto wangu."

"Ah! Kibali chake tutakishughulikia baada ya dhifa."

"Na ufa?"

Akaitazama ratiba, akaipitia na kidole juu mpaka chini. "Ufa haumo kwenye ratiba," akasema.

Nilimwomba meli iende siku ile ile. Nilimwomba kwa adabu, kisha nikamwomba bila adabu. Akanifungulia ramani ya ukutani, akaniambia, "Nionyeshe, Mama. Niiambie meli iende wapi? Weka kidole." Nikaweka kidole pale alipo mwanangu. Palikuwa peupe, hapana herufi hata moja. Akanipigapiga begani akanisindikiza nje.

*

Sherehe ilifanywa Uwanja wa Mwelekeo, adhuhuri, ili kila mtu aone. Mtukufu alivaa koti la manyoya na kofia ya manyoya, kuonyesha mshikamano na barafu. Baraza zima la Mawaziri likavaa makoti kama yake, mafupi kidogo. Wawili walizimia kabla ya dua wakapongezwa kwa uzalendo. Wananchi tulijaa mpaka kwenye miti, spika zimefungwa kila nguzo, na kutoka kwenye spika hizo ulitoka ule mlio wa mbali, unapanda na kushuka juu ya vichwa vyetu. Baadhi ya wanawake walikuwa wanaubembeleza bila kujijua, "Nyamaza basi, nyamaza mwaya."

Waziri Madebe akahutubia. Alisema itifaki imezingatiwa. Alisema jua letu limeitembelea barafu, na barafu imeitika hodi. Alisema mengi. Mimi nilikuwa jukwaani, maiki mbele yangu, hedifoni masikioni, miguu yangu inachezacheza ovyo, na ndani ya hedifoni alikuwamo mtoto wangu.

"Shangazi, ufa umezunguka. Umefika upande wa mbele."

"Nakusikia, mama."

"Naona maji ndani yake. Shangazi, bado wanahutubia?"

"Bado."

"Nina baridi," akasema. Mtoto huyu hakuwahi kunilalamikia tangu anyonye. Neno lile lilinikata maini.

Hotuba ikaisha, nikapewa ishara. Nikaitazama kadi. Jina la kwanza lilikuwa la shemeji wa tatu, na kuvisoma vyeo vyake tu maharage yangeiva. Nikahesabu moyoni: shemeji, shemeji, shemeji, mawaziri sita na makoti yao, ndipo Mtukufu, ndipo dhifa, ndipo kibali. Nikaona mtoto wangu atakuwa samaki kabla hatujamaliza ukweni. Sikuwa na nia mbaya, na mtakaonihukumu mlijue hilo. Nilitaka tu wapate walichokitaka, tumalize, meli iende. Nikaruka majina yote, nikasogea kwenye maiki, nikataja kwa sauti ya shangazi:

"Ngulumbi!"

Tenga, masikini, kidole chake kilikuwa kinangoja jina la kumi. Alikuwa anajifuta jasho.

Kilichotoka kwenye spika sijui nikielezeje. Ni kama paa zima la mabati la soko linang'olewa, na soko lenyewe halina mwisho. Spika mbili zilidondoka. Ndege waliokuwa kwenye nguzo za uwanja waliruka wote kwa pamoja. Mtukufu alijishika kofia. Tenga alibonyeza kitufe kwa ngumi, kikavunjika, sauti ikaendelea. Halafu, mlio ulipopungua kidogo, bibi mmoja katikati ya umati, aliyezoea shughuli hizi kwa watoto wa mtaani kwao, akasema kwa sauti yake ya kawaida kabisa:

"Hilo hataki. Jaribu lingine."

Loo! Hakuna aliyecheka.

"Taja lingine!" Waziri alininong'oneza, meno yamefungana. "Haraka!"

Nikashika kadi. "Mheshimiwa Ma—"

"Si langu!" akapiga kelele. "Langu nimeliondoa!"

Nikatazama mawaziri wengine. Mikono yote ilikuwa juu, makoti yanachuruzika, kila mmoja ananiashiria nisithubutu. Nikawaelewa. Barafu ikimlilia, ameaibika. Isipomlilia, ndio balaa zaidi, maana atakuwa amependwa kuliko Mtukufu, na mtu wa namna hiyo kwetu hafiki Ijumaa. Majina yaliyogombaniwa juma zima yakawa hayana wenyewe hata moja. Na mlio ukarudi, mkubwa kuliko wa kwanza.

Ndipo nikagundua hedifoni ziko tupu. Hakuna pumzi, hakuna "shangazi". Nikasahau kadi, nikasahau Mtukufu, nikasahau kwamba nchi nzima inanisikia. Nikaishika maiki kwa mikono miwili nikaita.

"Sikudhani! Sikudhani! Sikudhani!"

Barafu ikanyamaza.

Ikanyamaza kabisa, bila hata mkwaruzo. Vigelegele vikapasuka kutoka pande zote. "Amenyamaza! Amenyamaza!" Ngoma zikaanza, tarumbeta ikafuata, watu wasiojuana wanapeana mikono. Na mimi niko chini kwenye mbao za jukwaa, nimezibana hedifoni masikioni, nasikiliza ule ukimya waliokuwa wanaushangilia. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa. Sijawahi kuchukia vigelegele kama siku ile, na vingine vilikuwa vya mashoga zangu.

*

Tenga alinijia nyumbani kesho yake asubuhi, anakimbia, shati nje. Alianza kupiga kelele tangu kona ya mtaa.

"Yupo! Bi Kidawa, yupo! Yuko melini anakunywa supu!"

Ikawa hivi. Ulimi wa barafu ulikatika, ukaondoka na kibanda, na simu iliyozimika kwa mshtuko, na mtoto wangu, ukawa kisiwa kinachoelea. Pale alipokuwa mwanzo, juu ya mto, Sikudhani alikuwa suala la Wizara, na nahodha hakuweza kumgusa bila amri. Lakini alipoanza kuelea, hakuwa tena mahali popote. Alikuwa mtu tu aliye hatarini baharini, na mtu wa namna hiyo mabaharia wote wa dunia humwokoa bila kumwuliza mtu. Nahodha alikuwa ameshika darubini siku zote hizo, anangoja. Ufa ulipomaliza kazi yake, na yeye akaanza ya kwake.

Nilivuta kiti nikakaa. Tenga anasema nilikaa hapo bila kusogea mpaka chai ikapoa, na kwamba alitaka kuita daktari.

Serikalini nako hawakulala. Baraza la Ramani la Dunia lilikuwa linasikiliza matangazo yetu, likaandika lilichokisikia kwa uaminifu: mto wa barafu uitwao Sikudhani, uliotajwa hadharani, ukakubali kwa mila za wenyewe. Na mila za wenyewe hazina rufaa. Mawaziri walikaa wakiwa bado na makoti, kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kulivua. Mwishowe Mheshimiwa Madebe akatoka na tangazo.

Ilisemekana, alisema, kwamba tangu utotoni Mtukufu alikuwa akiitwa Sikudhani na wachache waliomjua kwa undani, ila kwa unyenyekevu wake alilificha. Barafu, kwa kuwa haidanganyiki, imeifichua siri. Kuanzia siku hiyo Mtukufu angejulikana kwa jina lake la kweli: Mtukufu Sikudhani, Baba wa Mwelekeo. Jina Ngulumbi likafutwa kwenye barabara, shule, vitenge na vipande vya sabuni. Na raia yeyote mwenye jina Sikudhani akapewa juma moja aliache, kwa hiari.

Mtaani kwetu pekee walikuwapo akina Sikudhani wanne. Mmoja sasa anaitwa Nimekoma.

*

Meli ilipotia nanga nilikuwa langoni mwa bandari tangu alfajiri, nazunguka. Nilimwona akishuka ngazi na begi lake. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka, pua imebambuka kwa baridi, anapepesapepesa macho kwa jua letu. Nilitaka kumkimbilia, lakini kati yetu palikuwa na meza, na mezani afisa, na mkononi mwa afisa mwongozo mpya.

"Jina?"

"Sikudhani."

"Hilo lina mwenyewe."

"Nilikuwa nalo kabla yake."

"Kabla haimo kwenye mwongozo, dada. Huna jina, na asiye na jina haingii. Ila ukitaka kurudi ulikotoka, kibali kipo." Akakinyanyua, kilikuwa tayari, kimegongwa muhuri. "Mahali: Sikudhani. Kila kitu kimekamilika."

Mtoto wangu akakitazama kile kibali alichokingoja juu ya ufa. "Kwa hiyo kule naruhusiwa," akasema polepole, "na kwetu siruhusiwi."

"Utaratibu," akasema afisa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na watoto, nilikuja kumshonea mapazia baadaye. Akaangaza macho. "Shangazi yake hayupo? Atajiwe jingine, tumalize."

"Nipo!" nikasema. "Lakini mila inataka alie kwanza."

Afisa akapekua mwongozo, akakubali kwa kichwa. "Lia," akamwambia.

Sikudhani akacheka. Alicheka mpaka begi likamdondoka, akaegemea meza, akacheka tena, na sijui ni wapi katikati ya kicheko hicho kilipogeuka. Mtoto aliyesimama juu ya barafu inayokatika bila chozi, alilia pale bandarini mbele ya wachukuzi na magunia yao, mdomo wazi, kilio kile kile cha mlangoni kwa kaka yangu. Nikaizunguka meza. Afisa hakunizuia. Nikamshika kichwa nikamweka begani, nikamtajia jina la mama yangu. Akazidi. La bibi yangu. Akazidi. Niliyataja yote, na kila jina lilimwuma kama sindano, maana alikuwa nalo lake na wamemnyang'anya.

Hapo nikakumbuka. Kuna jina moja nchini humu lilikuwa limetupwa, halina mwenyewe, tena lilikuwa bado jipya na limepigwa rangi vibaoni juzi juzi tu. Nikaliokota.

"Ngulumbi," nikamtajia.

Akanyamaza. Akainua uso akanitazama, macho mekundu, akaanza kutabasamu kwa upande mmoja.

Na yule afisa, kabla hajafikiri, visigino vikagongana, mkono ukaruka mpaka kwenye paji la uso. Askari wawili wa getini nao wakapiga saluti. Mikono yao ilikuwa imefundishwa tangu ujana, haikusoma mwongozo mpya. Afisa aliushusha wake kwa taabu, kama anayeteremsha bendera.

"Bi Kidawa," akanong'ona, "hilo haliwezekani."

"Kwa nini? Mwenyewe kaliacha. Na huyu si umesikia, amenyamaza?"

Alisikiliza. Hakukuwa na rufaa. Akaandika, lango likafunguliwa, tukapita na begi letu.

Sasa mjini anaitwa Ngulumbi, na akipita mbele ya kituo cha polisi kuna zogo dogo la mikono isiyojua ipande au ishuke. Nyumbani nafunga dirisha kwanza, halafu namwita kwa jina lake. Ila mnanijua mimi situlii. Jana nilikuwa huku mara kule, chungu jikoni, shono mkononi, dirisha nikalisahau. Nikaita kwa sauti yangu yote, "Sikudhani! Njoo ule!"

Mtaa mzima ulisimama wima. Aliyekuja kula alikuwa mmoja.